Bima ya Mkopo Tumelipa: Karatasi Yake Iko Wapi?



Kila mmoja wetu hapa Malaba aliyekopa, awe mtu wa reli, karani wa forodha au mpakiaji wa mizigo, huenda amekatwa fedha ya bima ya mkopo. Mara nyingi hukatwa siku ya kwanza, kabla hatujatia shilingi mfukoni. Twaambiwa, "Hii ni ya kukulinda." Basi twauliza: yamlinda nani, na juu ya jambo gani?

Mtu akiugua au akiachishwa kazi, deni halilali. Katika vyama vya akiba na mikopo, deni lisilolipwa huwaendea wadhamini, na wadhamini ni sisi sisi. Ugonjwa wa mmoja hukata mshahara wa watatu. Ndiyo sababu jambo hili ni la chama chetu.

Na kazi ya mpakani haina mizizi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na reli ikagawanywa. Mwaka 2014, Eneo Moja la Forodha lilipoanza, ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa walipwa mizigo ingali Mombasa, na makarani wengi wa forodha wa Malaba wakakosa kazi. Mwaka 2017 mkataba wa Rift Valley Railways, ulioanza 2006, ukavunjwa. Nani hapa aweza kusema ya kesho anayajua?

Sasa sikilizeni. Bima nyingi za mkopo katika Kenya hulipa deni mtu akifa au akipata ulemavu wa kudumu. Kuachishwa kazi hakumo, ila kama kumeandikwa na kulipiwa. Hata kukiandikwa, kwa kawaida hakumhusu yule ambaye mkataba wake wa muda umekwisha, wala aliyeacha kwa hiari. Neno "hiari" ndilo mtego. Mwajiri atakaye kupunguza watu huleta barua tamu ya kustaafu kwa hiari, na fedha kidogo juu yake. Mtu hutia sahihi, kisha mwenye bima humwambia: wewe uliacha mwenyewe!

Wako wasemao, "Alitia sahihi, anyamaze." Twawajibu: mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo atatia sahihi karatasi yoyote, hata kama imejaa Kiingereza cha mawakili. Uingereza mabenki yaliwauzia watu bima ya namna hii, na wengine wao wasingeweza kudai hata siku moja. Mwaka 2011 mabenki yalishindwa mahakamani, na kwa jumla yakarudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Fedha hizo zilirudi kwa kuwa watu walidai.

Yusufu aliweka nafaka ya Misri katika ghala, na njaa ilipokuja ghala lilifunguliwa. Ghala letu twalijaza kila tukopapo, lakini ufunguo anao mwingine.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kila mkopeshaji atupe karatasi ya bima kwa Kiswahili, ionyeshe inalipa nini na hailipi nini. Pili, nakala ikae katika ofisi ya chama. Tatu, mwajiri akipunguza watu, barua yake iseme hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yamtaka atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Barua ya "hiari" humwepusha na hayo yote.

Nasi tuwe macho. Usitie sahihi barua ya kuacha kazi kabla chama hakijaisoma. Ukiugua, chukua barua ya daktari yenye tarehe, andika madai upesi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukiumia kazini, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 yataka madai ndani ya miezi 12. Mwenye bima akikataa kulipa, aandike sababu, nasi tutaipeleka kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima.

Asiyedai hapewi. Umoja ni nguvu!

Sisi ndugu zenu wa reli, Malaba.