MAMA, USIFUTE NENO LA MWANAO (Sehemu ya 4)

Akina mama wenzangu, leo siongelei chanjo wala uji wa mtoto. Naongelea insha, na kosa ni langu mwenyewe.

Binti yangu anaomba chuo Marekani. Kwenye Common App anatakiwa kuandika insha ya kujieleza isiyozidi maneno 650. Akaandika kuhusu "usikucha". Usilitafute kwenye kamusi, halimo. Alilibuni akiwa na miaka minne: ni ile asubuhi nikirudi kutoka zamu ya usiku, mimi naenda kulala, yeye ndo kwanza anaamka, tunakunywa chai pamoja.

Nikashtuka. "Mwanangu, watadhani hujui Kiingereza!" Nikamlipa mtu wa kurekebisha. Insha ikarudi imejaa misamiati mizito, "usikucha" imefutwa, mahali pake pamewekwa "serendipity". Binti akasoma, akaniambia taratibu: "Mama, ni nzuri. Ila huyu si mimi."

Jamani, iliniuma.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni nesi. Kwenye faili la mgonjwa sivumilii neno la kubuni. Mtu akiandika dozi kwa kifupisho alichojitungia, mgonjwa anaweza kufa. Lakini insha si faili la mgonjwa. Anayeisoma anataka kujua huyu mtoto ni nani, na sisi tunamfuta mtoto kwa pesa zetu!

Na wewe unayesema neno la kubuni si neno, niambie: UKIMWI lilitoka wapi? Bibi zetu hawakulijua. Ugonjwa ulipokuja, likaundwa kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini, na leo kliniki hatuwezi kufanya kazi bila neno hilo. Hata hiyo "serendipity" ni ya kubuni! Horace Walpole, Mwingereza, aliitunga kwenye barua mwaka 1754. Kwa hiyo Mwingereza akibuni ni usomi, mwanao akibuni ni ujinga?

Sisemi mtoto ajaze insha maneno ya ajabu ajabu ili aonekane mjanja. Hapana. Liwe neno moja. Maana yake ieleweke palepale, kwa sentensi moja. Na libebe kitu ambacho neno la kamusi halikibebi. Mpe jirani asome. Akikwama, mtoto aeleze vizuri zaidi. Likiwa la kujionyesha tu, hilo futa.

Sisi tumerudisha insha yake, tumesahihisha tahajia tu. Majibu bado, na sitawadanganya kwamba neno moja litamfungulia mlango wa chuo. Ila akikubaliwa, atakuwa amekubaliwa yeye. Akikataliwa, pia atakuwa yeye, si yule niliyemlipa.

Haya, kwenu mna neno gani ambalo mtoto alilibuni? Liandike hapa chini, na maana yake. Usimwonee aibu mwanao.