JE, KIKUNDI NDANI YA KORALI NI KOSA?



Tangu turudie masomo, neno moja tu linazunguka mu kiwanja chetu: wale wadada wane wa korali wamekosana, kikundi chao kimekufa. Wengine wanacheka. Wengine wanasema, "Si tuliwaambia?" Na sasa kumekuja neno kubwa zaidi: wakubwa wa korali wanataka kukataza kabisa vikundi vidogo. Tutapiga kura siku ya posho. Mbele ya kura ile, minaomba munisikilize kidogo.

Mimi ninasema hivi: kikundi kidogo si kosa. Kosa ni kuanza bila mapatano.

Tuanze mbali. Wadada wa klasi ya ine wanapenda kuangalia mu telefone nyimbo za Korea ya Kusini. Wao njo walinifundisha habari ya kundi moja lenye kuitwa After School, lenye lilianza mwaka 2009. Mwaka 2010 wadada watatu wa kundi lile, Raina, Nana na Lizzy, wakapewa kikundi chao ndani ya kundi, jina Orange Caramel. Kikapendwa sana, mtoto akaanza kushindana na mama kwa sifa. Lakini kiisha mwaka 2014 hakikutoa tena wimbo mpya, na wale watatu kila moja akafuata njia yake.

Musiseme, "Ile ni mambo ya Korea." Sisi Wakongo tuko na mambo yetu ya namna ile ile, na tunayajua kushinda wao.

Wenge Musica ilizaliwa Kinshasa mwaka 1981. Wenge ni mti mgumu wa pori letu, lakini mti ule ulipasuka mwezi wa 12 mwaka 1997. JB Mpiana akabaki na Wenge BCBG. Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaanza Wenge Musica Maison Mère, ni kusema Nyumba ya Mama. Kila upande ukashika jina Wenge, hakuna mwenye alikubali kuliacha.

Ndani ya Nyumba ya Mama vijana wakakomaa: Ferre Gola na JDT Mulopwe waimbaji, na Bill Clinton Kalonji atalaku. Mwaka 2004 wale watatu wakatoka, wakaanza Les Marquis de Maison Mère. Muangalie vizuri jina lile: watoto wametoka mu nyumba, lakini wamebeba jina la nyumba mu mfuko! Wakatoa albamu Miracles, na watu wakacheza. Hata mwaka mbili haikuisha. Mwaka 2005 Ferre akaenda Quartier Latin ya Koffi Olomide, na ule utatu ukavunjika.

Sasa musikie ya kwetu Katanga. Ilunga wa Ilunga, mwenye watu walimuita Baba Gaston, alitoka hapa Lubumbashi na orkestra yake Baba National. Akapita Dar es Salaam, akafika Nairobi mwaka 1975. Mwaka 1976 wanamuziki wake wengi wakamuacha, kati yao Bwamy Walumona na Kabila Kabanze Evany. Wakaanza Les Mangelepa. Wazee wetu wenye walicheza Embakasi wanajua ninasema nini. Je, wale nao walivunjika upesi? Hapana. Mwaka 2017, miaka 41 kiisha kutoka kwa Baba, wazee wa Mangelepa walitoa albamu ingine. Na Baba Gaston naye hakunyamaza. Alipiga muziki miaka mingi kiisha watoto kuondoka.

Sababu gani wamoja wanavunjika mwaka moja, na wengine wanadumu miaka makumi ine? Mimi ninaona mambo mawili. Mangelepa walichukua jina jipya, hawakugombania la baba. Tena walitoka orkestra nzima, waimbaji na gitaa na tarumbeta. Moja akipungua, wimbo unaendelea. Marquis walisimama juu ya majina matatu tu, na kila jina lilikuwa kubwa. Jiko iko na mafiga matatu: ukiondoa moja, chungu kinamwangika.

Sasa turudie kwetu. Wadada wetu walianza vizuri. Walikuwa wanabaki kiisha mazoezi kwa kujifunza sauti ine. Halafu wakaalikwa kuimba kwa ndoa moja hapa Kamalondo. Watu walisimama, bamama wakapiga vigelegele, falanga zikatupwa. Usiku ule njo mwanzo wa mwisho. Moja alisema falanga ni za wane. Mwingine akasema ni za korali, sababu nguo walizovaa ni za korali. Wa tatu alikuwa ameisha kulipa taxi kwa mfuko wake, na hakuna mwenye alimrudishia. Wa ine akalia tu.

Minapashwa kusema kweli. Mimi ni mwandishi wa korali. Mbele ya ndoa ile, moja wao alikuja kuniuliza: "Kaka, falanga wakitupatia, tuandike wapi?" Nikamujibu, "Muende tu, tutaona." Buku ilikuwa mu mkono yangu, na sikuandika kitu. Basi wenye kusema kwamba ni wivu wa wanawake, wanyamaze. Wivu uko kwa kila mtu. Werrason na JB Mpiana si wanawake. Kwetu, kwanza kulikosa mustari moja mu buku.

Ninajua wakubwa wanasema nini: kikundi kinaiba sauti nzuri, korali inabaki maganda. Hofu ile si ya bule. Lakini mukikataza, wenye sauti wataimba inje, bila sisi, na hawatarudi. Afazali tuwape mulango kuliko watoke mu dirisha.

Ninaomba tukubali mambo matatu, tuyaandike:

1. Jina. Kikundi kichukue jina lake, kisitumie la korali. Kikifa, jina la korali libaki safi.

2. Mfuko. Mbele ya kuenda kuimba, iandikwe sehemu gani ni ya korali, sehemu gani ni yao, na nani atalipa taxi.

3. Mulango. Mwenye kutoka anaweza kurudi pahali pake mu korali bila kuchekwa.

Juu ya neno la tatu, mukumbuke: tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2022, JB Mpiana na Werrason waliimba tena pamoja ku Stade des Martyrs, Kinshasa. Watu walifurahi sana. Lakini muhesabu: kutoka 1997 mpaka 2022 ni karibu miaka 25!

Sisi hatuna miaka 25. Wawili wa wale wadada wako klasi ya sita. Mwaka huu ukiisha, wanaenda. Juma jana niliwaona kwa mazoezi: moja mustari wa mbele, mwingine nyuma kabisa, hawaangaliane. Siku ya posho nitakuja na buku, na ukurasa wa kwanza nitauandika mimi, na kosa langu juu yake. Na ninyi, mukuje na kura.

Mwandishi wa korali, klasi ya tano