Betri Iliyokufa Isipasuliwe Nyumbani

Kama una betri ya sola iliyokufa, usiipasue, usimwage tindikali yake, na usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu anayepasulia betri uani kwake. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya maji ni madini ya risasi, nayo ni sumu.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na jiko la mkaa hufika hapo bila shida. Kwa hiyo mtu huiyeyusha kwenye sufuria ili apate chubwi za nyavu, kisha vumbi na moshi vinatua kwenye udongo wanaochezea watoto. Mtoto huweza kuonekana mzima huku ubongo wake ukidhurika. Degedege huja sumu ikishazidi sana mwilini. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kuwa ni salama.

Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, wakati watu walipokuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili wauze risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya waliyopewa na mahakama mwaka 2020 ilibatilishwa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Chanzo kimoja cha mrundikano wa betri zilizokufa vijijini ni mafundi wetu wenyewe. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiifunga kwenye sola na kuinyonya kila usiku, inakufa mapema. Fundi anakuambia ni ya bei nafuu. Nafuu gani hiyo, ikiwa utanunua nyingine muda si mrefu?

Dai betri iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, na kontrola inayokata umeme kabla betri haijaisha kabisa. Ukimudu, chukua ya lithiamu-chuma-fosfeti, maana haina risasi. Aliyekuuzia mpya mdai aichukue kuukuu, na hilo liandikwe kwenye risiti. Ile kuukuu ikikaa nyumbani kwa sasa, iweke wima, kivulini, mbali na watoto. Palipowahi kupasuliwa betri, msifagie pakavu: mwagieni maji kwanza, zuieni watoto, mkatoe taarifa kwa afisa afya wa kata, na waliocheza pale wapelekwe hospitali wakafanyiwe kipimo cha risasi katika damu.