Sola ya Redio Hupigiwa Hesabu ya Juni

Fundi akitoka Daraja Mbili, Arusha, kwenda kununua sola ya redio ya upepo itakayokaa porini, hakosi ushauri wa bure. Mwingi humpoteza. Taa ya sebuleni ikizimika tutawasha mshumaa. Redio ya askari wa hifadhi ikizimika, aliyevunjika mguu mlimani hana wa kumwita. Kwa hiyo tuyapime madai hayo moja moja, tukichukua mfano wa repita (redio inayopokea mawimbi na kuyarusha upya) ya wati 25 kwenye mteremko wa Mlima Meru.

“Redio ya wati 25 inakula wati 25.” Hizo ni wati zinazotoka kwenda kwenye antena, si zinazoingia. Ikirusha, redio ya namna hiyo huvuta takriban ampea 6 kwenye volti 12, yaani wati 72. Ikisikiliza tu, tuseme huvuta ampea 0.4. Ikirusha kwa jumla ya saa 2 kwa siku, inakula ampea-saa 12. Saa 22 zilizobaki za kusikiliza zinaongeza karibu 9. Jumla ni 21, sawa na wati-saa 250 hivi. Anayesahau kusikiliza amesahau zaidi ya theluthi moja ya matumizi.

“Paneli ya wati 100 inatoa wati 100 kutwa nzima.” Kipimo hicho ni cha maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi 25. Arusha, mwanga wa siku ukijumlishwa ni wastani wa saa 5 hivi za jua kali. Juni na Julai hushuka, na Meru hujifunika mawingu. Kwa mteremko huo napigia saa 3.5, kisha natoa asilimia 30 kwa ajili ya vumbi, waya na upotevu wa kuchaji. Gawa 250 kwa 3.5, kisha kwa 0.7: unapata wati 102. Hizo zinatosha matumizi ya siku ile ile tu, hazifidii siku zilizopita bila jua. Funga wati 200.

“Ukiogopa mawingu, ongeza betri.” Betri ni pipa, bomba ni paneli. Betri ya asidi ikikaa nusu tupu wiki baada ya wiki, salfeti huganda kwenye sahani zake na uwezo wake hupungua moja kwa moja. Siku 4 bila jua la maana zinahitaji wati-saa 1,000. Kwa kuwa hatutaki ishuke chini ya nusu, tunahitaji 2,000, yaani ampea-saa 167 kwa volti 12. Betri mbili za ampea-saa 100 zinatosha, mradi paneli ziweze kuzijaza.

“Betri ya gari nayo ni betri.” Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya hadi chini kila usiku, haidumu. Mjini utaibadilisha kesho yake. Mlimani, kila betri inapandishwa mgongoni mwa mtu.

“Tuko karibu na ikweta, ilaze tu paneli.” Iliyolala hutuamisha maji, na maji yakikauka huacha tope. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe, ikitazama kaskazini. Juni, jua la adhuhuri la Arusha linakuwa nyuzi 27 hivi kaskazini mwa utosi, na huo ndio msimu ambao tunahitaji kila mwale.

“Baridi inaua paneli.” Kinyume chake: kila nyuzi moja ya joto inayopungua huongeza nguvu ya paneli kwa asilimia 0.4 hivi. Wa kuhurumiwa ni betri. Ya asidi hupungukiwa uwezo kwenye baridi, na ya lithiamu haifai kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Kwenye kimo cha kibanda cha Saddle Hut cha Meru, mita 3,570, weka betri ndani ya sanduku linalozuia baridi.

Nenda dukani na namba tatu kwenye karatasi: wati-saa za siku, saa za jua za mwezi mbaya kuliko yote, na siku za kuvumilia bila jua. Bei ijadiliwe baada ya hapo. Ukianza na bei, utauziwa mtambo wa Januari, na wito wa msaada hauchagui mwezi.