Paa Lina Majina Yake

Katika OpenStreetMap, ramani ya ushirikiano iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, mchoraji aweza kueleza hata umbo la paa. Paa lililolala au la msonge halimsumbui. Shida huja nyumba inapokuwa na mabawa mawili, baraza yenye paa lake, na banda lililoungwa nyuma. Hapo wengi huandika neno moja la jumla, au huacha.

Ramani yenyewe huruhusu jengo ligawanywe, kila sehemu ikapewa umbo na kimo chake. Utaratibu huo nauunga mkono, kwani mafundi wetu wa pwani walilitazama paa hivyo hivyo. Walitaja kipaa cha mbele, kipaa cha nyuma, na visusi vya ubavuni. Paa lenye visusi si sawa na lile linaloishia kwenye ukuta wa pembetatu. Wagogo nao wana tembe, nyumba ya paa la udongo lililolala.

Lebo za ramani hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Sidai zibadilishwe, maana kompyuta zahitaji mapatano. Lakini maelezo anayoyasoma mchoraji yaweza kuwa ya Kiswahili. Vijana walioichora Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria, kuanzia 2015, walionyesha kuwa mikono tunayo. Maneno je? Asiyelijua neno kisusi hutazama picha ya angani asikione.

Wasomaji, tuleteeni majina ya sehemu za paa huko kwenu, kabla wanaoyajua hawajatutoka.