Karate ya Kwenye Filamu

Mama mmoja ametuuliza: mwanawe ametazama filamu za karate ya Kyokushin, ambamo watu hupigana bila glavu, naye ataka kujiunga. Je, amruhusu?

Mchezo huu uliasisiwa Japani na Masutatsu Oyama, na mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1975. Filamu za zama hizo zilimwonyesha Willie Williams, Mmarekani, akikabiliana na dubu. Kijana huliona dubu, asizione kanuni: ngumi ya uso imekatazwa, ila teke la kichwa laruhusiwa. Nasi Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kuupiga uso.

Basi, dada yetu, usimkataze kwa hofu, wala usimwachie filamu imlee. Nenda na babake mkamwone mwalimu. Ulizeni matatu: mateke ya kichwa, kumwinamia mtu ilhali rukuu ni ya Mwenyezi Mungu pekee, na nyakati za sala. Asiporidhia, mtafutieni mwingine.

Na mumkumbushe mafunzo ya Mtume: mwenye nguvu ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Hilo halipigwi picha, huonekana nyumbani.

Wallahu a'lam.