Frigo ya okazioni imekufa kisha wiki mbili: nani atalipa?

Ukinunua frigo ya okazioni Likasi, ukaipakia mpaka Mwadingusha, na kisha wiki mbili inakataa kugandisha, mwenye duka atakuambia maneno mawili. La kwanza: "Mama, mashini ilitoka hapa muzima, kura ya SNEL njo imeiunguza." La pili: "Okazioni haina garanti." Watu wengi wanasikia vile na kurudi nyumbani na hasara yao. Lakini sheria ya Kongo haiseme vile.

Kwetu kandokando ya ziwa Tshangalele, frigo na kongelateri si mapambo ya saluni. Mama anayenunua samaki kwa wavuvi anaiweka humo akingoja gari ya Likasi ao ya Lubumbashi. Mashini ikikufa usiku, asubuhi amepoteza vitu viwili: feza ya mashini na feza ya samaki. Na kama ile feza ilitoka katika likelemba, deni linabaki hata kama mashini imekufa.

Sheria inasema nini

Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ile wanasheria wanaita kitabu cha tatu cha Code civil, ingali inafanya kazi. Inasema muuzaji anajibu juu ya kasoro zilizofichika za kitu alichouzisha, kama zile kasoro zinafanya kitu kisifae kwa kazi yake. Haitenganishe kitu kipya na kitu cha okazioni.

Mnunuzi anapaswa kuonyesha mambo matatu. Kasoro ilikuwa imefichika, hakuweza kuiona akiangalia. Ilikuwa ndani ya mashini mbele ya kuinunua. Na ni kubwa, hata kama angeijua hangenunua, ao angetoa bei ndogo. Mlango uliokwaruzwa hauingii hapa, juu uliuona. Kompresa iliyochoka, ao gazi inayotoka pole pole, inaingia.

Ukiyaonyesha, chaguo ni lako: unarudisha mashini na kupata feza yako yote, ao unabaki nayo na unarudishiwa sehemu ya bei. Kama muuzaji alijua ile kasoro akanyamaza, anapaswa kulipa pia hasara iliyofuata. Pale njo samaki waliooza wanaingia katika hesabu. Kama hakujua, anarudisha bei na garama za kununua tu.

Yale maneno yanayoandikwa chini ya faktire, kwamba kitu kilichouzishwa hakirudishwe, yanafaa kwa mtu aliyebadili mawazo. Muuzaji anaweza kupatana na mnunuzi kwamba hatoi garanti juu ya kasoro asizozijua. Lakini aliyejua hawezi kujificha nyuma ya mstari mmoja wa faktire.

Kura ao mashini?

Hapa njo mabishano makubwa. Muuzaji akisema ni umeme, hasemi uongo kila mara. Umeme ukipanda na kushuka unaua kompresa kweli. Ni jambo la kushangaza kidogo, juu sisi tunalala karibu na santrali iliyofunguliwa mwaka 1930 kwenye mto Lufira. Mashini zake 6 zilibadilishwa, na mwaka 2021 zikaanza kutoa karibu megawati 78, kazi iliyofanywa na SNEL pamoja na Ivanhoe Mines, kampuni iliyo katika mugodi wa Kamoa-Kakula. Lakini umeme mwingi katika nyaya kubwa haumaanishe umeme mzuri nyumbani kwa mama wa samaki.

Kwa hiyo ushahidi unatengenezwa mapema. Washa mashini dukani, ngoja mpaka uone barafu, si taa ya ndani tu. Omba faktire yenye tarehe, namba ya seri, neno "okazioni" na hali ya mashini. Ukilipa kwa M-Pesa ao Airtel Money, usifute mesaji. Kode ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inakubali maandishi ya elektroniki kama ushahidi. Kama mashini ilisafiri ikiwa imelala, iache isimame saa nyingi mbele ya kuiwasha. Tia regulateri, na uchunge risi yake: itakusaidia siku watasema ni kura.

Ikiharibika, usiipeleke kwanza kwa fundi wa mtaa aifungue. Kisha kufunguliwa, muuzaji atasema yule fundi njo aliiharibu. Mujulishe muuzaji kwa maandishi siku ile ile, fundi aangalie mbele ya pande mbili, na aandike alichokiona. Usikawie: sheria inadai mnunuzi aende haraka, bila kutaja idadi ya siku.

Mbona haki haifike?

Frigo hii hii, ikiuzishwa okazioni na duka la Ulaya, inabaki na garanti. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, garanti ya kisheria ni miaka 2, na kwa vitu vilivyotumiwa inaweza kupunguzwa lakini si chini ya mwaka 1. Ikivuka Kasumbalesa, karatasi za duane zinafika, garanti inabaki njiani. OCC inaangalia bidhaa zinazoingia, lakini muhuri wake haumlipe mama.

Upande wa telefone, tulilipa RAM tangu 2020, mpaka dola 7 kwa mwaka, tukiambiwa ni kwa kupiganisha telefone za wizi na za bandia. Iliondolewa 2022. Haikuacha njia yoyote ya kurudisha telefone mbovu dukani.

Mlango unaobaki ni mapatano mbele ya shefu wa kartie, kiisha tribinali de pe. Tuseme frigo ni dola 150: safari za kwenda Likasi, siku zisizo na kazi na karatasi zinakula sehemu kubwa ya ile feza. Muuzaji anajua ile hesabu, njo maana anangoja uchoke. Kumfungisha kwa polisi si dawa pia, juu deni si kosa la jinai. Ni mambo mengine kama alikudanganya juu ya kitu chenyewe, mfano kukuuzishia cha zamani kwa jina la kipya.

Dawa ya karibu iko kwa wauzaji na komite za soko: siku 30 za garanti, zilizoandikwa kwenye faktire, kwa kila mashini ya okazioni. Muuzaji anayejaribu mashini zake mbele ya kuziuzisha hatapoteza kitu. Na wanunuzi wa likelemba moja wakikubaliana kutonunua bila ile karatasi, duka la kwanza litakaloiandika litawapata wote.